Kopo la Babu: shajara ya nyembe, bangili na pete nyeupe

Kopo lenyewe ni la kahawa, limebonyea ubavuni, na kifuniko chake hakifunguki bila kijiko. Lilikaa juu ya kabati la bibi hapa Tabora tangu babu alipofariki. Babu alikuwa mtu wa reli, na watu wa reli wa zamani walikuwa hawatupi kitu. Vitu vilipogawanywa, baiskeli ilikwenda kwa baba mkubwa, redio kwa shangazi, na kopo likaniangukia mimi kwa kuwa hakuna aliyelitaka.

Ndani mna nyembe 43, nyingine bado zimo kwenye karatasi zake. Mna mashine mbili za kunyolea, zile za kufungua kichwa na kuweka wembe wa pande mbili. Mna bangili tatu (moja imekatika), pete nyeupe, cheni ya njano na sarafu moja. Ninataka mashine moja inyoe tena, na nyembe zilizochoka nizigeuze hereni za mdogo wangu wa kike, ambaye ameshaniwekea sharti: "Kaka, zisinikate shingo tu."

Ninaandika ili mwenye kopo kama hili asilipe nilicholipa mimi. Bei zote ni nilizotoa mfukoni mwangu.

Jumamosi, 8 Juni 2024

Sumaku niliitoa kwenye spika ya redio mbovu, bure.

Nyembe zote 43 ziliirukia. Mashine, bangili, pete, cheni na sarafu havikutikisika. Nikaandika kwenye daftari kwa kujiamini: "Nyembe ni chuma cha kawaida zote, stenlesi (chuma kisichoshika kutu) hamna." Kabla ya kulala nikatumbukiza nyembe nne kwenye kikombe cha maji ya chumvi, ili tu nijithibitishie.

Jumapili, 9 Juni

Asubuhi nyembe mbili zilikuwa na rangi ya matofali na maji yamekuwa kama chai. Mbili nyingine zinang'aa vilevile zilivyoingia. Kumbe stenlesi zimo, na sumaku inazishika.

Tumezoea kupimia masufuria na vijiko: sumaku ikikataa, tunasema hiyo ndiyo stenlesi yenyewe. Chuma cha vijiko hivyo kina kromi kama asilimia 18 na nikeli kama 8, na hiyo nikeli ndiyo inayokifanya kisivutwe. Chuma cha wembe hakiwekwi nikeli kiasi hicho, maana ni lazima kikubali kukazwa kwa moto mpaka kishike makali. Kina kromi kama asilimia 13 na kaboni kama 0.65. Kutu hakipati kirahisi, lakini sumaku inakijua.

Kutu inasaidia pia kukisia umri. King Camp Gillette alipoanza kuuza mashine yake Marekani mwaka 1903, wembe ulikuwa wa chuma cha kaboni, ukiuacha na maji umekwisha. Stenlesi ilikuja kushika soko baada ya kampuni ya Wilkinson Sword ya Uingereza kuitoa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nyembe zangu mbili zilizooza ni zile za bluu. Gillette ilianza kuuza "Blue Blade" mwaka 1932, na ile bluu ni vanishi tu, ukiikwangua kwa ukucha wa koleo unakuta chuma cheupe chini. Nilipoona vile ilinipasa nishtuke kwamba humu koponi rangi ni koti. Sikushtuka.

Jumatatu, 10 Juni: siki

Mashine zilikuwa na ukoko wa sabuni wa miaka mingi. Jana jioni nilizitia zote mbili kwenye bakuli moja la siki (sh. 2,000), nikaenda kulala.

Ya kwanza, yenye maandishi MADE IN ENGLAND chini ya kichwa, imetoka safi, isipokuwa pale nikeli ilipokuwa imelika kwa vidole vya babu. Pale shaba njano imegeuka wekundu kama shavu la embe. Asidi imekula zinki iliyomo ndani ya shaba njano na kuacha shaba nyekundu juu. Nimesugua kwa dawa ya meno, umepungua, haujaisha.

Ya pili nimeiua. Mng'ao wa kichwa umebanduka vipande vipande kama ganda la kitunguu, chini yake kijivu cheusi chenye vishimo vishimo, na nilipoitoa ilikuwa bado inachemka mapovu madogo madogo. Meno ya skrubu yamelika, ukikaza yanasagika kama chaki. Mpini mzima, kichwa hakuna.

Ukoko wa sabuni ungetoka kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki mkuukuu. Nilijua. Ila niliona siki ni njia ya mkato.

Jumapili, 16 Juni: mizani

Nimenunua mizani ndogo ya jikoni inayosoma mpaka sehemu ya kumi ya gramu, sh. 15,000. Njia ni ya kale: pima kitu kikiwa kikavu, halafu kipime kikining'inia kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini wala kando. Uzito uliopungua ndio uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawa wa kwanza kwa uliopungua, unapata ni kizito mara ngapi kuliko maji. Aluminiamu ni 2.7, zinki 7.1, chuma karibu 7.9, shaba njano kati ya 8.4 na 8.7, shaba nyekundu 8.96, fedha 10.5, risasi 11.3, dhahabu 19.3. Rangi ya juu haiwezi kubadilisha hesabu hii, kwa kuwa mchovyo ni mwembamba mno.

Bangili iliyokatika: gramu 31.2, ikapungua 3.7. Jibu 8.4, shaba njano. Bangili nyepesi: 11.9, ikapungua 4.4. Jibu 2.7, aluminiamu, huenda ilikuwa sufuria katika maisha yake ya kwanza. Nilianza kujiona mkemia.

Ndipo ikaja pete nyeupe. Gramu 6.1. Majini ilipungua 0.6, jibu likawa 10.2, nikaruka: fedha! Nikarudia kwa furaha tu, ikapungua 0.7. Jibu 8.7. Nikarudia mara tano: 0.6, 0.7, 0.7, 0.6, 0.7. Kitu kidogo namna hii, mizani ya sehemu ya kumi haiwezi kukihukumu, kwani tofauti ya tarakimu moja ya mwisho inatosha kumpandisha maskini kuwa tajiri. Halafu nilikuta kipovu cha hewa kimejibana ndani ya mduara wa pete, kinainyanyua. Tone la sabuni ndani ya maji linaondoa vipovu.

Na kile kichwa kilichokufa? Nilikipima kwa uchungu: 22.8, kikapungua 3.4. Jibu 6.7. Ni zinki iliyochanganywa na aluminiamu kidogo, metali ya kumimina kwenye kalibu, ambayo Wazungu wanaiita zamak kwa kuunga herufi za mwanzo za majina ya Kijerumani ya zinki, aluminiamu, magnesiamu na shaba. Siki na zinki havikai nyumba moja. Ningepima kabla, dakika tano tu, mashine ingekuwa hai.

Jumamosi, 22 Juni: kwa sonara

Kuna mzee sonara karibu na soko ambaye mizani yake inasoma sehemu ya mia. Nikambebea kopo lote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mjukuu. Hilo kopo la nani?"

Nilipomtajia babu alicheka, akasema babu alikuwa akimletea saa na kubishana bei mpaka jua linazama. Mizani akaniazima bila malipo.

Pete: 6.12, ikapungua 0.70. Jibu 8.74. Si fedha. Mzee hata hakuhitaji hesabu, aliigeuza kwenye mwanga akasema, "Alpaka hiyo." Ni shaba nyekundu, nikeli na zinki, fedha haimo hata chembe, ingawa Wazungu nao wanaiita fedha ya Kijerumani. Cheni ya njano: 8.5, na pale kwenye ndoano mchovyo umelika, panaonekana shaba njano. Dhahabu ya kuchovya. Shangazi asijue, amekuwa akiiulizia.

Bangili ya tatu ndiyo iliyonyamazisha duka. Ni nzito, nyeusi ya moshi, sikuwa na matumaini nayo. Gramu 46.30, ikapungua 4.48. Jibu 10.33. Mzee akavua miwani. Bibi alikuwa akisema bangili ile ilifuliwa kwa rupia nne, nasi tulidhani ni maneno ya bibi. Rupia ya Wajerumani, sawa na ile ya Uhindi, ilikuwa gramu 11.66, fedha sehemu 917 katika 1000. Nne ni gramu 46.64. Zimepotea gramu 0.34 kwa tupa ya mfuaji na mkono wa bibi. Weusi ule ni salfa ya hewani na ya jasho, siyo uchafu wa kuogopa. Nimeirudisha nyumbani ndani ya kitambaa, na haitaguswa na jaribio lolote katika shajara hii.

Sarafu nilikuwa nimeshaitolea msasa mfukoni. Mzee akanishika mkono. Ina maandishi 20 HELLER (heller ilikuwa senti ya rupia ya Wajerumani), mwaka 1916 na herufi T, na T ni Tabora. Wakati wa Vita vya Kwanza manowari za Uingereza zilikuwa zimefunga pwani, sarafu haziji kutoka Ujerumani, basi Wajerumani wakazipiga wenyewe hapa hapa katika karakana ya reli: heller 20 kwa shaba, nyingine njano na nyingine nyekundu, na hata rupia 15 za dhahabu ya mgodi wa Sekenke zenye picha ya tembo. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji waliingia mjini na kazi ikaishia hapo. Yangu ni ya njano. Ukiisugua, unaifuta thamani yake pamoja na kutu. Msasa umerudi mfukoni.

Jumapili, 7 Julai: kulainisha nyembe

Kabla ya lolote, ua makali. Shika wembe kwa koleo, usimamishe wima juu ya jiwe la kunolea, vuta mara kumi kila upande. Nilivaa glavu za fundi wa kuchomelea nikaonekana kituko, lakini vidole vipo vyote.

Wembe wa pande mbili una urefu wa milimita 43, upana 22, unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Umekazwa mpaka ukiukata kwa mkasi wa bati unapasuka kama kigae. Ili uukate umbo unalotaka, ulainishe kwanza: upashe moto uwe mwekundu, halafu upoe taratibu.

Jaribio la kwanza niliweka nyembe mbili moja kwa moja juu ya mkaa. Chuma chembamba hivyo, hewa inakila kabla hujasema kimeiva. Zilitoka magamba matupu, ukizigusa zinabaki vumbi jeusi kidoleni.

La pili nilizibana kati ya vipande viwili vya bati, zikaiva vizuri, nikazitoa nikaziacha mezani zipoe. Wembe wa bluu ulikunjika kidogo halafu ukavunjika. Wa stenlesi ulivunjika papo hapo, mgumu kuliko mwanzo! Stenlesi ya wembe haihitaji maji wala mafuta ili ikaze, hewa inatosha, na kitu chembamba hivi kinapoa kwa kufumba na kufumbua. Nilikuwa ninaikaza huku nikidhani ninailainisha.

La tatu ndilo la kuiga. Kikopo cha maziwa, nyembe sita zimelazwa ndani ya unga wa mkaa, mfuniko umezibwa kwa udongo wa kichuguu uliokandwa na majivu. Saa nzima kwenye jiko, kikopo chote chekundu. Halafu usikitoe: kifukie na jiko lake kwenye majivu mpaka asubuhi. Za kaboni nne zilitoka laini, mkasi unapita kama kwenye karatasi ngumu. Mbili za stenlesi zilikubali nusunusu, na nimeamua kuachana nazo kwa hereni.

Gharama: mkaa sh. 3,000, nyembe kumi za marehemu.

Jumamosi, 20 Julai: rangi ya bluu

Kazi hii niliipenda kuliko zote.

Kwenye nyembe zilizolainika nilikata maumbo ya majani madogo ya mwembe, mawili mawili, nikaacha lile tundu la katikati ya wembe litokee kama mshipa wa jani. Nikayang'arisha kwa msasa laini mpaka nikaona nyusi zangu. Chuma safi cha kaboni kikipata moto huota utando mwembamba sana wa kutu ya moto, na unene wa utando ndio rangi unayoiona: karibu nyuzi 220 njano ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, na karibu nyuzi 300 bluu ya shingo ya tausi. Ukizidisha, inakuwa kijivu na hairudi.

Jani la kwanza niliweka kwenye kikaango kitupu. Ncha ilikuwa imeshakuwa kijivu wakati shina bado jeupe. Nikatia mchanga mkavu wa mto kina cha vidole viwili, nikalaza jani juu yake, moto mdogo. Hapo inakwenda yenyewe: njano inaingia kutoka kingo, inatulia, inakuwa kama chai ya rangi, halafu zambarau inapita kama kivuli, na bluu inafuata nyuma yake. Kati ya zambarau na bluu unapata muda wa kupumua mara tatu. Koleo liwe mkononi tayari, na bakuli la maji karibu.

Jani la tatu lilitoka bluu safi lenye alama ya kidole gumba changu katikati, kila mstari unaonekana, polisi wangeweza kulitumia. Mafuta ya ngozi. Kuanzia hapo niliosha kwa sabuni na spiriti, nikashika kwa koleo tu. Kwa udadisi niliweka kipande cha stenlesi pembeni: cha kaboni kilipokuwa bluu, chenyewe ndiyo kwanza kilikuwa na njano ya mbali.

Utando ule hauzuii kutu ya maji. Hapa sikuhangaika, Tabora nta ya nyuki tunayo. Nta ya sh. 3,000 inatosha hereni za mtaa mzima: pasha jani vuguvugu, pitisha nta, futa kwa pamba.

Jumamosi, 3 Agosti: siku niliyodhani ni malaria

Nilitaka kulabu za hereni. Bangili ya shaba njano iliyokatika ilikuwapo, nikaona niiyeyushe nimimine waya mnene. Kalibu ya udongo, mkaa, feni ya kompyuta mbovu kwenye betri ya pikipiki, chini ya mwembe nyuma ya nyumba.

Ilipoanza kuyeyuka ulitoka moshi mweupe, na vitu kama pamba vikawa vinaelea hewani vinatua kwenye nguo. Nikainama kuangalia, kwa sababu palikuwa pazuri. Shaba njano huyeyuka nyuzi 900 na kitu, na zinki peke yake huchemka nyuzi 907. Kwa hiyo kilichokuwa kinaelea ni zinki ya bangili, imechemka, imeungua hewani, na mimi ninaivuta.

Saa mbili usiku mdomo ulikuwa na ladha kama nimenyonya sarafu. Saa nne baridi, meno yanagongana, kifua kimebana, viungo vyote vinauma. Nyumbani wote wakasema malaria, mimi nikakubali. Asubuhi nikapimwa, malaria hakuna. Mhudumu akaniuliza nilishinda wapi jana, nikamweleza, akasema mafundi wa kuchomelea mabati humjia na homa hiyohiyo. Adhuhuri nilikuwa mzima, nimechoka tu. Huo moshi wa zinki huleta homa saa chache baadaye na mara nyingi hupita kwa siku moja au mbili. Kipimo na dawa ya maumivu, sh. 7,000. Shaba niliyoimwaga ilitoka na matundu kama andazi.

Sitayeyusha tena. Kilichonisumbua zaidi ni kwamba mtoto wa jirani alikuwa amesimama hatua tano tu kutoka kwangu, na nilimfukuza kwa sababu ya moto, wala si moshi. Hakupata kitu.

Jumamosi, 24 Agosti: masikio

Baada ya shaba kunishinda nikaikata ile pete ya alpaka, nikaifua, nikaichonga kwa tupa ikawa kulabu mbili nyeupe safi. Haipati kutu, inang'aa, inapendeza na bluu. Jumatatu mdogo wangu alizivaa. Alhamisi akanipigia: "Kaka, umenitilia nini masikioni?" Yamevimba, mekundu, yanatoa maji.

Nikeli. Jina la pete nilikuwa nimeliandika kwenye daftari tangu 22 Juni, pamoja na vilivyomo, na sikuunganisha. Nikeli ndiyo inayowatoa watu upele kuliko metali nyingine za mapambo, na tundu la sikio lenye jasho ndiyo mahali pake. Nikawakumbuka na wale wanaodai "dhahabu inawakataa": mara nyingi ni mchovyo umelika, ngozi inakutana na nikeli iliyowekwa chini yake.

Mzee sonara alitengeneza kulabu nyingine kwa fedha ya 925 katika 1000, yaani sehemu 75 zilizobaki ni shaba nyekundu ya kuipa ugumu. Sh. 18,000 kwa jozi mbili. Alipendekeza nimletee bangili ya rupia akate kidogo tu. Tulicheka wote wawili, nikalishika kopo langu.

Jumamosi, 14 Septemba

Masikio yamepona ndani ya wiki mbili.

Mashine ya MADE IN ENGLAND imepata wembe mpya na imeninyoa leo asubuhi. Ni nzito, wala huhitaji kusukuma, uzito wa shaba unafanya kazi wenyewe. Nimejikata mara moja chini ya kidevu kwa haraka zangu. Mpini wa ile niliyoiua nimeupima sasa: 8.5, shaba njano. Kumbe kichwa tu ndicho kilichokuwa zinki. Ninatafuta kichwa kinachoendana na skrubu yake, na mwenye nacho Tabora au Kigoma tuongee.

Nimetumia sh. 48,000 ukihesabu mizani na homa, mbali na wembe mpya na msasa. Nyembe zilizobaki koponi ni 22, tisa kati yake za bluu, na hizo bado zimo kwenye karatasi zake, sina moyo wa kuzifungua.

Jozi ya kwanza ya hereni ilikwenda harusini Urambo wiki iliyopita. Imerudi na doa dogo la kahawia kwenye ncha ya jani la kushoto, pale nta ilipokwisha kwa jasho la kucheza. Nimelisugua kwa mafuta ya cherehani na pamba, nikapaka nta upya. Kivuli chake kimebaki, na mwenyewe amekataa nitengeneze lingine.